Francigena au njia ya Fransisko? Namjibu dada aliyeniuliza

Kuna dada kaniandikia inboksi juzi, likizo yake fupi, anataka kwenda hija kwa miguu Italia ila hajui apite Via Francigena au njia ya Mtakatifu Fransisko. Nimefurahi mno, maana mimi nilipouliza hivyohivyo jumuiyani niliambiwa hayo ni mambo ya Wazungu wasio na kazi. Bado inaniuma. Mbona watu wanatoka Kenya kwa miguu mpaka Namugongo, Uganda, kwa wafiadini, na hakuna anayewacheka?

Sasa sikia mdogo wangu. Francigena inaanzia Canterbury, Uingereza, kama kilomita 2,000 hadi Roma, ndiyo aliyopita Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury, akirudi kwao kutoka Roma mwaka 990 akaorodhesha vituo 79. Huhitaji yote hiyo. Mimi nilianzia Siena, na siku ya kupanda Radicofani, mji wa mlimani, ndo nilijua nimekuja hija, zaidi ya kilomita 30, jua kali, kivuli cha kutafuta, ngome unaiona kule juu saa nzima na haisogei, nikasali rozari ikaisha nikaanza tena, nikafika! Halafu Bolsena, mji wa muujiza wa Ekaristi wa 1263, hostia ilipotoka damu wakati wa Misa, yale mawe yenye madoa ya damu yapo kanisani kwa Mtakatifu Kristina, nilipiga magoti nikalia sana. Waliosema siwezi hawakuwepo.

Njia ya Fransisko inatoka mlima La Verna alikopokea mwilini mwake madonda matakatifu ya Yesu 1224, inapita Gubbio, Assisi, bonde la Rieti, hadi Roma. Ni milima, panda shuka panda shuka, magoti yawe mazima. Ila kama unakwenda kwa ajili ya Fransisko mwenyewe usikubali mtu akugeuze eti Francigena ni rahisi. Watu wengi siku hizi wanachagua njia kwa picha jamani, hija ni nia kwanza, sali ujue unampelekea Mungu nini ndo ufungue ramani.

Muda ukiwa mdogo kabisa anzia Viterbo, kilomita 100 za mwisho kwa miguu zinatosha kupewa Testimonium, yaani cheti cha hija, pale Basilika la Mtakatifu Petro, mradi kadi yako ya hujaji igongwe muhuri kila unapolala. Nenda Mei au Septemba, Agosti hapana. Na ukishajua nia yako niandikie tena, nikuelekeze pa kulala kati ya Siena na Bolsena.