Wakili wa usuluhishi wa kimataifa: pa kuanzia ukiwa Malindi au Lamu

Wanafunzi wengi wa sheria wa Pwani hudhani kazi hii ni ufasaha wa kusema. Siyo. Ni kazi ya karatasi na kalenda, na inaanzia kwenye kifungu cha usuluhishi, ambacho watu hukiandika mwisho kabisa, mkataba unapokaribia kutiwa sahihi.

Kwanza, tofautisha. Mpatanishi huwakalisha watu mpaka wasikilizane. Msuluhishi huamua, na tuzo yake, yaani uamuzi wake wa mwisho, inawafunga wote wawili.

Sasa tazama mkataba wa kujenga hoteli Malindi, kati ya mwenye mtaji wa Milan na mkandarasi wa Mombasa: “Mgogoro utasuluhishwa Milan au Nairobi kwa kanuni za chama cha biashara.” Sentensi fupi, balaa mbili. Makao ya usuluhishi ndiyo yanayoamua ni mahakama za nchi gani zinaweza kubatilisha tuzo, kwa hiyo yawe mamoja tu. Mashahidi wanaweza kusikilizwa Malindi wiki nzima; makao yakiwa Nairobi, tuzo ni ya Nairobi. Halafu, chama kipi? Taja taasisi kwa jina lake kamili, iwe International Chamber of Commerce (ICC), London Court of International Arbitration (LCIA) au Nairobi Centre for International Arbitration (NCIA). Ongeza idadi ya wasuluhishi, mmoja au watatu, na lugha. Usipotaja lugha, mtabishana nani alipe tafsiri ya mafaili ya Kiitaliano.

Tarehe ndizo zinazowaangusha wageni. Mteja wako akishtakiwa mahakamani ilhali mkataba una kifungu cha usuluhishi, fungu la 6 la Sheria ya Usuluhishi ya Kenya ya 1995 linataka uombe kesi isimamishwe kabla ya kuwasilisha hati ya kufika mahakamani, au pamoja nayo. Ukitangulia kujibu dai, umechelewa. Kosa la hesabu ndani ya tuzo huombewa marekebisho ndani ya siku 30. Kubatilisha, miezi 3 tangu kuipokea.

Ukiomba nyaraka za upande wa pili, “nyaraka zote za ujenzi” itakataliwa. Andika “ripoti za kila wiki za vipimo vya zege, 1 Machi hadi 30 Juni 2022”, na useme zinathibitisha nini.

Usidharau unayoyajua kwa kukaa hapa. Mwaka 2018 jopo la wasuluhishi la ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji, lilikataa dai la kampuni ya Cortec dhidi ya Kenya kuhusu madini ya Mrima Hill, Kwale, kwa sababu leseni ilitolewa bila kutimiza sheria, ikiwemo ya mazingira. Mtu wa Lamu aliyefuatilia leseni ya mtambo wa makaa ya mawe ikifutwa Juni 2019, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, analielewa jambo hili upesi. Anza uchunguzi wako kwenye vibali.

Njia yenyewe ni ndefu: shahada miaka 4, Kenya School of Law, miezi 6 chini ya wakili mzoefu. Kozi za tawi la Kenya la CIArb, taasisi ya kimataifa ya wasuluhishi, zifanye mapema. Mashindano ya Vis ya Vienna, ambako wanafunzi wa sheria hubishana kesi ya usuluhishi ya kubuni, pia yanafaa sana, kwani hukulazimisha kuandika hoja za pande zote mbili.

Na tuzo ikishatoka, kazi bado. Kuitekeleza nje chini ya Mkataba wa New York wa 1958, unaozitaka nchi wanachama zitambue tuzo za nje, beba tuzo na makubaliano ya usuluhishi, asili au nakala zilizothibitishwa, na tafsiri iliyoidhinishwa pale lugha inapotofautiana. Nakala hizo ziombe siku ileile unayopokea tuzo, kabla jopo halijatawanyika.