Donati za Tufaha na Mdalasini Zenye Mvinyo

Swali: Ndugu Mhariri, ningependa kutengeneza nyumbani donati za tufaha na mdalasini zenye ladha ya mvinyo wetu wa Dodoma. Je, niutumie mvinyo kukandia unga, na je, kilevi huisha chote jikoni? – Msomaji, Kikuyu, Dodoma.

Jibu: Ndugu msomaji, unga ukande kwa maziwa ya uvuguvugu kama ilivyo desturi, kwa sababu kilevi kingi hudhoofisha hamira na donge huchelewa kuumuka. Mahali pa mvinyo ni kwenye matunda: menya matufaha mawili, yakate vipande vidogo sana, kisha uyapike kwa moto mdogo pamoja na nusu kikombe cha mvinyo mwekundu, vijiko viwili vya sukari (mvinyo mtamu, kwa maoni yangu, hauhitaji sukari yote hiyo) na kijiko kidogo cha mdalasini, hadi libaki rojo zito, maana rojo jepesi hulowesha donati na kuvuja mara inapoumwa. Lipoe kabisa kabla ya kulijaza katika donati zilizokwisha kukaangwa kwa mafuta ya nyuzi 175 hadi 180 za Selsiasi. Hewa ya Dodoma ni kavu, hivyo donge linapoumuka lifunike kwa kitambaa chenye unyevu, lisije likafanya ngozi.

Kilevi huchemka katika nyuzi 78, lakini hakiishi chote. Watoto, wajawazito na wasiotumia pombe wapikiwe rojo lao kwa juisi ya zabibu, katika sufuria nyingine.