Ngoma Zibaki Nje, Tenzi Ziingie Ndani

Muulize Bibi Maktaba, aliyetumikia maktaba za vyuo Kampala kwa miaka 31

SWALI: Bibi, marehemu kaka yangu aliandika tasnifu yake Chuo Kikuu cha Makerere miaka ya themanini. Tangu niliposikia moto ule sijapata moyo wa kwenda kuitafuta. Iliungua?
Dada mtu, Jinja

JIBU: Pole, mwanangu. Moto wa tarehe 20 Septemba 2020 uliteketeza Jengo Kuu, lile lenye mnara ambalo watu hupigia picha za mahafali. Maktaba Kuu ni jengo jingine, lilifunguliwa 1959, na moto ule haukuifikia. Nenda na jina lake kamili kama alivyoandikishwa chuoni, mwaka na idara. Huyo mtu wa mapokezi atakayekuambia "jaribu wiki ijayo", mwambie umetoka Jinja.

SWALI: Shikamoo Bibi. Nasoma mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Kampala. Nyumbani ni Koboko. Chama chetu cha Kiswahili kimepewa ukumbi wa chini wa maktaba tusome mashairi kwa saa mbili, tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Mkutubi amesema ngoma marufuku, na anataka tuandae meza ya maonyesho. Wenzetu wanatucheka: eti Kiswahili hapa Uganda kina historia gani zaidi ya wanajeshi na madereva wa malori? Tuweke nini mezani?
Mtu wa Koboko, Kikoni

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Kuhusu ngoma, mkutubi yuko sahihi, nami ningekukatalia vilevile. Zipigeni nje kwenye ngazi dakika kumi kabla ya kuanza. Zitawaita watu kuliko tangazo lolote la ubaoni, na aliye ndani na kitabu chake hatakulaani.

Sasa meza. Hao wanaokucheka waulize: kati ya mwaka 1952 na mwanzoni mwa miaka ya sitini, ile Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyosanifisha lugha hii, makao yake yalikuwa wapi? Si Zanzibar. Si Dar es Salaam. Yalikuwa Makerere, mwendo wa miguu tu kutoka hapo unaponunua rolex, ile chapati ya mayai, Wandegeya! Kamati ilikuwa na jarida lake. Panda kilima, uulizie matoleo ya miaka hiyo katika kitengo cha Afrikana, cha machapisho yanayohusu Afrika. Usiombe kuyaazima, hutapewa. Omba kunakili jalada na kurasa mbili tatu, uzibandike kwenye kadibodi.

Kando yake weka karatasi ya pili: Juni 1962. Mwezi huo Makerere ilipokea kongamano la waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Achebe alikuja, Soyinka alikuja, na Ngũgĩ alikuwa mwanafunzi wa hapohapo. Shaaban Robert hakuwemo, maana mlango ulikuwa wa Kiingereza, na mwaka huohuo akafariki. Usiandike maelezo marefu chini yake. Ziache karatasi hizo mbili zikae pamoja, mtu azisome mwenyewe.

Ya tatu iwe ya sheria: Kiswahili kiliingizwa katika Katiba yetu kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha tena kwamba kitumike hivyo. Hiyo haihitaji zaidi ya mistari miwili. Watu watapita.

Wanajeshi na madereva nao usiwafiche. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, tuliishi kota za Nsambya, na Kiswahili nilikipata kwa kumsikia akigombana na wapakiaji mizigo. Hakikunipunguzia kitu. Kama una babu Bombo, mji wa kambi ya jeshi, au huko kwenu Koboko mwenye picha ya kazini, iombe, uiweke katikati ya meza.

Lakini hayo yote ni ya saa mbili. Ninalokuomba hasa ni la siku inayofuata. Kila atakayesoma shairi akupe nakala iliyoandikwa vizuri, yenye jina lake na tarehe. Zichapeni, mzitie pini, mtengeneze kijitabu hata cha kurasa 20. Kimoja mpe mkutubi wenu mkononi, umwombe akiandikishe kwenye katalogi mbele yako. Kingine kipelekeni Makerere: maktaba ile ina hadhi ya kisheria ya kupokea machapisho ya nchi hii tangu 1958. Kingine Maktaba ya Taifa. Mtu asikuambie ni kidogo mno. Nimewahi kuandikisha vitabu vyembamba kuliko menyu ya hoteli.

Nasema hivi kwa sababu ya jioni moja, miaka ya tisini, katika maktaba niliyokuwa nikifanya kazi. Mzee mmoja wa Bombo alisimama kati ya rafu akaghani utenzi wa safari ya baba yake, bila karatasi, kwa karibu saa nzima. Tulilia, tukapiga makofi, tukamsindikiza hadi kwenye teksi. Hakuna aliyenakili hata ubeti mmoja, nami nikiwemo, na kalamu ilikuwa mfukoni mwangu. Mwaka niliostaafu nilifungua faili la shughuli za siku ile. Ndani mlikuwa na karatasi moja: risiti ya kreti mbili za soda.