Mwanangu, umeniuliza habari za Buyoya

Mwanangu,

Unasema mlibishana chuoni mpaka mkagawanyika: Pierre Buyoya aliiletea Burundi amani, au aliiangamiza? Sasa unataka baba yako, mtu wa Kigoma, aamue.

Mimi nitakwambia habari za baiskeli. Ile Foniksi nyeusi uliyojifunzia pale Mwanga ilikuwa ya mpangaji wetu Mrundi, yule aliyekuwa akileta maharage kwa boti Kibirizi. Juni 1993, yalipotangazwa matokeo ya uchaguzi wa kwao, alikaa barazani kwa bibi yako, redio mapajani, machozi yanamtoka. Melchior Ndadaye ameshinda! Nikadhani atamtukana Buyoya, mwanajeshi aliyetwaa nchi kwa mapinduzi mwaka 1987, na mwaka uliofuata jeshi lake likaua watu wengi sana kule Ntega na Marangara, kaskazini mwa Burundi. Wapi! Alimsifu. Ameitisha uchaguzi, ameshindwa, amekubali; wangapi wanafanya hivyo? Akaiacha baiskeli stoo, akarudi kwao.

Oktoba 21 wanajeshi wakamuua Ndadaye, hata miezi minne hajamaliza Ikulu. Watu wakamiminika Kasulu na Kibondo. Bibi yako akawa anamuuliza kila anayetoka upande wa Rumonge. Hakuna aliyemwona mpangaji wetu. Baiskeli ikakaa stoo hadi miguu yako ilipofika kwenye pedeli.

Ndiyo maana nasema siku zote: mtawala mtazame anavyotoka. Utaniambia, baba, hapo umejifunga mwenyewe, Buyoya alitoka. Kweli, alitoka. Mwaka 1993 alitoka, na Aprili 2003 akamkabidhi Domitien Ndayizeye kama walivyopatana. Lakini katikati hapo si alirudi? Julai 25, 1996, vita imepamba moto, akampindua Rais Ntibantunganya, akasema anaiokoa nchi. Majirani wakamwekea vikwazo, na sisi tukiwamo. Unakumbuka nilivyokuwa nikikusimulia bandari ilivyopoa? Kahawa ya Burundi haishuki, makuli wamejilaza kivulini mchana kutwa. Huko kwao jeshi likawaswaga wanakijiji, mamia ya maelfu, likawarundika kambini eti wasiwasaidie waasi. Hilo halinipiti kooni mpaka leo.

Halafu najibishana mwenyewe. Mwalimu aliyasimamia mazungumzo ya amani ya Burundi kule Arusha mpaka akafariki Oktoba 1999, Mandela akapokea, na Agosti 28, 2000 Buyoya akatia saini. Angekataa je? Wale wakimbizi wa kambi ya Mtabila wangerudi kwao lini?

Oktoba 2020 mahakama ya Burundi ilimhukumu kifungo cha maisha, mwenyewe hayupo, kwa kifo cha Ndadaye. Alikana, akasema ni siasa. Desemba ya mwaka huohuo Uviko ikamchukua, akazikwa Bamako. Mtoto wa Rutovu, Burundi, kuzikwa Mali! Nakwambia mtawala mtazame anavyotoka.

Hukumu unayoitaka ninayo mdomoni, tena inaniwasha. Ila wa kuitoa alikuwa yule mwenye baiskeli, na neno lake la mwisho nililolisikia mimi lilikuwa la sifa. Siwezi kumsemea. Waambie wenzako baba hakuamua. Lakini wanaomwita mleta amani waulize kwa niaba yangu: lile jeshi lililomuua Ndadaye, kwa miaka sita kabla ya hapo lilikuwa chini ya nani?

Baba yako,
Kigoma