Risasi za shaba na yadi 400: kwenu mnaoanza

Msimu wa kulungu umefunguliwa tena hapa California, na tena vijana wanakuja kuseti darubini za bunduki kwa risasi za shaba walizonunua jana. Wadogo zangu, sheria ya kuacha kuwinda kwa risasi za plumbi (yaani madini ya risasi) ilipitishwa 2013, na tangu 1 Julai 2019 inahusu uwindaji wote jimboni. Muda wa kujifunza tumekuwa nao.

1. Uzito usichaguliwe kwa mazoea. Shaba ni nyepesi kuliko plumbi, hivyo kwa greni zilezile (greni ndiyo kipimo cha uzito wa risasi) kichwa cha risasi kinakuwa kirefu, na kichwa kirefu kinataka mtutu ambao mifereji yake ya ndani inakizungusha haraka. Bunduki nyingi za .308 (upana wa risasi kwa inchi) zina mzunguko mmoja kwa inchi 12, ambao si wa haraka. Zipe greni 150. Shaba haimeguki ovyo, itaingia na karibu uzito wake wote.

2. Kasi kwanza, yadi baadaye. Hapa ndipo ninapogombana na watu. Kijana mmoja tunayewinda naye, mlengaji hodari, alimpiga dume karibu yadi 500, nyuma kidogo ya bega, palepale alipofundishwa. Dume akashtuka, akateremka bondeni. Damu ilikuwa matone, kisha hata matone yakakosekana. Tulitafuta hadi giza. Kesho yake tukamkuta ameshaharibika kwa joto, tundu la kutokea dogo sawa na la kuingilia. Kijana akasema shaba haifai. Hapana! Kasi ndiyo ilikuwa imekwisha. Ncha ya shaba hufunguka kama ua ikifika na nguvu. Nyingi zinahitaji futi 1,800 hadi 2,000 kwa sekunde. Isipofunguka, inatoboa tu na kupita, na mnyama anakufa polepole kwa uchungu. Greni 150 ikitoka mtutuni kwa futi 2,800, kwenye yadi 400 imebaki na 2,000 hivi. Soma kasi ya chini aliyotaja mtengenezaji, itafute kwenye jedwali la bunduki yako. Yadi utakayoikuta ndiyo mpaka wako, hata kama shabaha ya chuma unaipiga mbali zaidi.

3. Piga mfupa wa bega.

4. Safisha mtutu kabla ya kubadili aina ya risasi, kisha seti darubini upya.

5. Msibeze sheria. Kondori, ndege wakubwa wala mizoga, hula matumbo tunayoyaacha porini, na vipande vya madini ya risasi vilivyomo huwaua. Mwaka 1982 walikuwa wamebaki 22 tu duniani.

6. Ukimwona yadi 450, usifyatue. Angalia upepo, shuka, mnyatie.