Manila nyeupe inaumbua

Nilipoanza kutengeneza katuni za midoli nilichagua mandhari nyeupe kwa sababu moja tu: uvivu. Sikutaka kujenga vijumba vya maboksi. Nikanunua manila, nikaitandaza mezani, nikamsimamisha juu yake ng'ombe wa plastiki wa mwanangu, nikaanza. Sogeza kidogo, piga picha, sogeza, piga. Picha 120, ambazo kwa kasi ya picha 12 kwa sekunde ni sekunde 10 tu. Nilipozichezesha, ng'ombe alitembea kweli, ila kama yuko disko. Mwanga ulipanda na kushuka kila hatua, na ule weupe ulikuwa kijivu kama maji ya kufulia.

Kijivu kwanza. Kamera ya simu hukadiria kwamba kilicho mbele yake kina mwanga wa wastani. Ikiona manila tupu inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Kwenye simu nyingi ukimgusa mdoli kwenye kioo na kukandamiza, fokasi na mwanga vinajifunga. Kisha pandisha mwanga kidogo mpaka manila iwe nyeupe, lakini ukome kabla kingo za mdoli hazijaanza kumezwa. Usipofunga, simu inapima upya kila picha, na disko linaendelea.

Nusu nyingine ya disko ilitoka dirishani. Nilipiga mchana, wingu likipita, jua likirudi. Siku hizi nafunga pazia na kuweka taa mbili za mezani, moja kila upande, zenye balbu za aina moja, kwani ukichanganya ya njano na nyeupe utapata manila ya rangi mbili. Hata nguo yako inahusika: shati jekundu ukilikaribisha mezani linatia wekundu kwenye picha. Mimi huvaa fulana nyeusi na kusimama palepale kila ninapobonyeza. Mke wangu anaiita fulana ya mwizi.

Manila usiikunje. Bandika ncha yake ukutani kwa selotepu, iteremke kwa mpindo wa taratibu hadi mezani, ile kona ipotee. Mdoli msogeze mbele, kivuli chake kisipande ukutani. Ila kile kivuli kidogo cha miguuni usikifukuze, maana ndicho kinachomshikilia ng'ombe ardhini. Na kama anaanguka-anguka, kipande cha plastisini, ule udongo laini wa kuchezea watoto, chini ya kwato kinatosha.

Simu iwe kwenye stendi, na miguu ya stendi ibandikwe mezani. Nilipoteza jioni nzima kwa sababu kidole changu kiliisukuma simu kidogo kila nilipopiga. Sasa napiga kwa kitufe cha sauti cha waya wa masikioni.

Kuhusu mwendo, mwanzoni nilimsogeza milimita 5 kila picha, akaonekana kama anavutwa kwa kamba. Mnyama akianza kutembea huanza taratibu: milimita 1, 2, 4, kisha 5, na akikaribia kusimama unazirudisha kinyume.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, acha. Usiwashe mshumaa ukadhani utamalizia. Nilijaribu mara moja, na ng'ombe wangu akaingia usiku mguu ukiwa bado hewani.