Muulize Fundi: Batani haimzuii mwizi

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Leicester huku Uingereza, najiundia gari dogo la wazi la watu wawili gereji ya nyumbani, injini na steringi nimetoa kwenye Ford Sierra ya zamani. Dashibodi naitaka ya kirali, yaani batani ya kuwashia na ule ufunguo mwekundu wa kukatia betri basi, loki ya steringi naona inaharibu muonekano. Jamaa kaniambia hivyo sipiti IVA. Ni kweli au ananitisha tu?

JIBU: Marahaba. Hakutishi. IVA ndio ukaguzi ambao gari la kujiundia kama lako linapita kabla ya kupewa namba, wanaufanya DVSA, wakala wa serikali wa ukaguzi wa magari, ulichukua nafasi ya ukaguzi wa zamani ulioitwa SVA mwaka 2009, na mojawapo ya vitu wanavyoangalia ni gari linamzuiaje mtu asiye na ufunguo. Sasa batani inamzuia nani? Mtoto wa jirani akibonyeza inawaka! Na huo ufunguo mwekundu ndio kabisa, ni kipande cha plastiki kinachouzwa maduka ya vifaa vya mashindano, wako na wa mwenzako vinaingiliana, wakati kanuni ya UN namba 116 inataka loki za magari ya viwandani ziwe na aina za funguo zisizopungua 1,000. Uweke kwa ajili ya moto na ajali, usiuhesabu kama ulinzi.

Ushauri wangu rudisha loki ya Sierra yenyewe. Batani haikatazwi, wewe pitisha umeme wake kwenye swichi ya funguo, ufunguo ukiwa off hata ubonyeze mpaka kesho stata haisikii kitu.

Kazi yenyewe iko kwenye shafti ya steringi. Ukiangalia vizuri utaona ina kola yenye mkato, ulimi wa loki unadumbukia humo ukishachomoa ufunguo na kuzungusha usukani kidogo, sasa wengi wanaounda hivi vigari vidogo wanafupisha shafti ndio itoshe halafu ule mkato unahama, ulimi unabaki unagusa chuma kitupu, ufunguo unazunguka vizuri tu na ukimuuliza mwenyewe anakwambia loki ipo. Kwa hiyo panga kwanza loki inakaa wapi ndio ushike msumeno. Zile boliti za kubania loki nunua mpya, za kukatika kichwa ukikaza, maana ukiweka boliti za kawaida mwizi anazifungua na spana.

Halafu washa injini, gari limesimama, zungusha usukani huku na huku mara nyingi: ulimi usitoke hata kidogo. Ukitoka usilipeleke popote, hapo sio suala la mkaguzi tena, usukani utakufungia kwenye kona.

Ingekuwa ni imobilaiza ya kununua, yaani kifaa cha umeme kinachozuia injini isiwake, ningekwambia utunze na karatasi zake za viwango, ila kwa Sierra loki uliyonayo kwenye boksi inatosha.